Mwenye Mzigo Kichwani Hatazami Juu

Desemba iliyopita nilirudi nyumbani Kilolo nikiwa na daftari jipya, simu ya kurekodia, na swali moja nililokuwa nimelitunza tangu muhula uanze: je, baba yake bibi yangu aliwahi kuona ndege ya vita?

Nilikuwa na sababu. Tasnifu yangu ya uzamili inahusu namna Vita vya Kwanza vya Dunia vilivyoandikwa katika vitabu vinavyoitaja nchi yetu, na sura ya pili niliipangia ndege. Nilikuwa nimesoma kumbukumbu za waliozirusha, riwaya, na taarifa za vikosi. Msimamizi wangu aliipenda sura hiyo. Mimi niliipenda zaidi. Kilichokosekana ni mtu wa chini, mtu wa huku kwetu, aliyeinua macho siku moja mwaka 1916 au 1917 akaona kitu kinanguruma kati ya mawingu. Aya yake nilikuwa nimeshaiandika kichwani. Yalibaki maneno yake tu niyabandike.

Bibi alikuwa jikoni anachambua maharage. Baada ya kamwene, shikamoo, na maswali ya kawaida kuhusu mchumba, nikamuuliza. Hakuharakisha. Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa nje.

"Mke mwenzangu," akasema, maana ndivyo anavyoniita tangu nilipokuwa mtoto, "baba alichukuliwa kubeba mizigo. Mwenye mzigo kichwani hatazami juu."

Akaendelea na maharage yake. Mimi nikabaki na simu inarekodi sauti ya ungo.

Makala haya yametokana na jibu hilo. Nilivirudia vitabu vyangu vya ndege kimoja baada ya kingine, safari hii nikivisoma kutoka chini. Vingi vilibaki kuwa vizuri. Ila vyote vilikuwa na watu waliofichwa mahali fulani, na nilianza kuona namna wanavyofichwa.

Tuanze na ndege zenyewe, maana huwezi kuhukumu kitabu cha rubani bila kujua alikalia nini.

Ndege za kwanza za kivita kufika pwani yetu zililetwa kwa ajili ya meli. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko, mahali ambapo meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata. Waingereza wakamkodi rubani wa kiraia kutoka Afrika Kusini, Dennis Cutler, na ndege yake aina ya Curtiss yenye umbo la mtumbwi, ikiruka kutoka majini karibu na kisiwa cha Nyororo. Rejeta yake ilipoharibika, meli ilitumwa Mombasa ikarudi na rejeta ya gari la Ford. Ndege ya vita ikaruka na rejeta ya gari. Fundi yeyote wa gereji ya Ipogolo angeelewa. Cutler aliiona Königsberg, lakini Desemba mwaka huohuo ndege yake ikaanguka na yeye akatekwa.

Mapema 1915 zikaja ndege mbili za Sopwith. Joto na unyevu vikazimaliza: gundi ikaachia, mbao zikapinda, propela zikapasuka, na kuinuka na mabomu zikashindwa. Ndege zilizofaulu zililetwa baadaye katika kisiwa cha Mafia, zikiwemo Henri Farman zenye mifupa ya chuma badala ya mbao. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwangalizi wake Harwood Arnold walizunguka juu ya delta, wakizielekeza kwa simu ya upepo meli mbili za mizinga, Severn na Mersey. Ndege yao ilipigwa. Wakati inashuka bila injini, Arnold aliendelea kutuma marekebisho ya shabaha. Wakaangukia mtoni, wakaokolewa, na Königsberg ikaangamia siku hiyo.

Kisa hicho ni kizuri, na sitajifanya hakinisisimui. Kila kitabu cha vita hivi kinakisimulia, na kila mara nakisoma hadi mwisho. Ila baada ya jibu la bibi nilianza kuuliza mambo ya kijinga. Uwanja wa ndege wa Mafia mwaka 1915 ulifyekwa na nani? Petroli ilitoka ufukweni hadi kwenye ndege mgongoni mwa nani? Masimulizi yanaanza pale injini inapowaka. Kazi yote ya kabla ya hapo haina msimulizi.

Vita vilipohamia bara, mambo yalizidi. Kikosi cha 26 cha jeshi la anga la Uingereza, kilichoundwa 1915 kwa watu wengi kutoka Afrika Kusini, kilishuka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916 na kulifuata jeshi la Smuts kutoka upande wa Kilimanjaro hadi Reli ya Kati na kusini zaidi. Kilianza na ndege aina ya BE2c, kisha na Henri Farman pia.

Nilimwonyesha baba mdogo picha ya BE2c kwenye simu. Baba mdogo ni seremala, na Kilolo mtu hakosi mbao. Misindano imetuzunguka kila upande. Aliikuza picha kwa vidole viwili, akaiangalia kama anavyoangalia kitanda kilicholetwa kurekebishwa.

"Hii ni mbao?"

Nikamweleza. Mifupa ya mbao nyepesi, iliyokazwa kwa nyaya. Juu yake kitambaa cha kitani, kilichopakwa dawa ya kukikaza mpaka kikawa kama ngozi ya ngoma. Injini ya nguvu za farasi 90, chini ya pikipiki nyingi za leo za mashindano. Watu wawili, mwangalizi mbele na rubani nyuma. Mwendo wa kilomita 115 hivi kwa saa, yaani basi la Iringa kwenda Dar likiwa halijaona trafiki.

"Mbao imekaushiwa wapi?"

"Uingereza."

Akacheka. "Basi huku itacheza tu. Mbao iliyokauka kwa baridi ukiileta kwenye joto, halafu mvua, halafu joto, kila kiungo kinataka kwake. Halafu mtu anapanda juu yake!" Akanirudishia simu. "Na gundi ya zamani, ile ya kuchemsha, hiyo usiniambie."

Katika dakika tano alikuwa ameeleza kilichowasumbua mafundi wa kikosi kile kwa miaka miwili. Aliacha jambo moja tu, ambalo sisi wa nyanda za juu tunalijua kwa mapafu yetu: hewa ya mwinuko ni nyepesi, na hewa ya moto ni nyepesi zaidi. Bawa linakosa cha kushikilia na injini inakosa cha kuvuta. Ndege iliyopanda vizuri juu ya mashamba ya Uingereza ilihangaika kuvuka vilele vya miti Afrika Mashariki. Ndege hizi zilihitaji msaada kuliko ndege za Ulaya: vipuri zaidi, kitambaa zaidi, mafuta zaidi, na safari ndefu zaidi ya kuvifikisha.

Petroli ilisafirishwa kwa madebe. Neno hilo tunalitumia kila siku, tunapima mahindi na viazi kwa debe, mara nyingi bila kukumbuka kwamba lilikuwa chombo cha mafuta. Debe la lita 18 likijazwa petroli lina uzito wa kilo 13 hivi, na madebe yalifungwa mawili mawili katika kasha la mbao. Mzigo wa kawaida wa mpagazi mmoja ulikuwa kati ya kilo 25 na 30. Piga hesabu mwenyewe. Palipokuwa na reli au lori, vizuri. Malori yalipokwama kwenye matope na wanyama wa mizigo walipokufa kwa ndorobo, kila kasha lilikuwa mzigo wa kichwa kimoja.

Sasa tuje kwenye kitabu kilichobeba sura yangu ya pili.

Leo Walmsley alikuwa mwangalizi katika Kikosi cha 26. Alianguka na ndege mara nyingi, akapata nishani, akarudi kwao, na mwaka 1920 akachapisha *Flying and Sport in East Africa*. Kichwa hicho peke yake kinatosha semina nzima. Kinaweka pamoja kuruka na michezo, na michezo kwa Mwingereza wa enzi ile ilimaanisha bunduki na wanyama wa porini. Viwili hivyo vimewekwa bega kwa bega kana kwamba ni likizo moja yenye burudani mbili.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilivutiwa na unyofu wake. Mwangalizi ametumwa kumtafuta adui, na chini anaona pori. Miti, pori, mto, pori. Jeshi zima linaweza kuwa chini ya miti ile na yeye asione hata moshi. Niliandika aya tatu kuhusu jicho linaloshindwa kuona, nikazipamba kwa nadharia, nikapata alama nzuri.

Niliporudi kukisoma Januari, nilitafuta nani mwingine haonekani. Mtu aliye juu hawezi kumwona mpagazi, hilo halina lawama. Lakini Walmsley hakuishi angani. Safari za angani zilichukua saa chache. Siku zilizobaki alikuwa chini, kambini, kati ya watu waliopika, waliobeba, waliofyeka na kuchota. Baada ya kufunga kitabu mara ya pili, nilijaribu kumkumbuka hata mmoja wao kwa jina. Sikuweza. Wanyama niliwakumbuka.

Unaweza kunijibu kwamba namwonea. Mtu aliandika alichokipitia. Kwa nini tumdai asichokiahidi? Nimelifikiria jibu hilo kwa muda mrefu, kwa sababu ndilo nililokuwa nikilitumia mimi mwenyewe kumtetea. Kinachonizuia kulikubali ni maisha yake ya baadaye. Walmsley aligeuka kuwa mwandishi wa riwaya, na riwaya zake zinazokumbukwa ni za wavuvi wa pwani ya Yorkshire. Katika riwaya hizo anajua uzito wa kamba iliyolowa. Anajua mkono unavyofanya kazi kwenye baridi, chombo kinavyosukumwa ufukweni, na nini hutokea kwa familia msimu ukiharibika. Yaani alikuwa na jicho la kumwona mtu anayebeba. Alilitumia kwa watu wa kwao. Huku alikuja nalo na akaliacha sandukuni.

Kwa hiyo sikubali tena maelezo ya kwamba ndege ndiyo iliyomzuia kuona. Ndege ilimpa udhuru mzuri, nami nikaupokea na kuuandikia aya tatu.

Kitabu cha pili kinafanya jambo hilohilo bila ndege, na ndiyo maana nakileta. *The African Queen* ya C. S. Forester ilitoka 1935, na filamu yake iliyoongozwa na John Huston ikatoka 1951, Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wakiwa ndani ya ile mashua. Wengi wetu tunaifahamu filamu hata kama hatukuiangalia yote. Waingereza wawili wanateremka mto ili kwenda kuizamisha meli ya Kijerumani ziwani.

Tukio halisi lililo nyuma yake ni la Ziwa Tanganyika, na katika tukio hilo ndege zilikuwepo. Wabelgiji walipata kutoka kwa Waingereza ndege za majini aina ya Short. Zilisafirishwa zikiwa vipande ndani ya makasha, kwa bahari, kwa reli na kwa meli za mto Kongo, hadi zikafika ufukwe wa magharibi wa ziwa, zikaunganishwa, na Juni 1916 zikaenda kudondosha mabomu Kigoma, ilipokuwa meli ya Graf von Götzen. Hazikuizamisha. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai mwaka huo walipokuwa wanaondoka, baada ya kuzipaka grisi injini zake kwa uangalifu. Ikaja kuibuliwa, na toka 1927 ikasafirisha abiria kwa jina la Liemba. Kuna watu wanasoma makala haya ambao wamelala juu ya sitaha yake.

Forester aliziacha ndege zote nje. Sawa, riwaya si taarifa. Ila angalia anachokiacha nje kingine. Hadithi inaanza pale Wajerumani walipowakusanya wanakijiji wa misheni na kuondoka nao, wawe askari na wapagazi. Kijiji kinabaki tupu, mmisionari anakufa kwa huzuni na homa, na dada yake anapanda mashua. Ukiiangalia kwa makini, kazi ya tukio lile ni kusafisha jukwaa. Watu wale wanachukuliwa katika kurasa za mwanzo, na hadithi haiwafuati. Walikokwenda ndiko vita vilikokuwa. Forester alitazama msafara wao ukiishia kwenye miti, akageuza kamera upande wa pili.

Mimi nimetoka kwenye msafara ule. Nasema hivyo bila kutaka huruma ya mtu. Ni jambo la nasaba tu.

Huku kwetu vita vilipita hasa kwa miguu. Majeshi ya Jenerali Northey yalitoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 29 Agosti 1916 yaliingia Iringa. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea Mahenge, kwa njia za Dabaga na Muhanga, milima ambayo leo ni wilaya yetu. Anayejua Dabaga mwezi wa Agosti anajua baridi yake. Ukungu unakaa mpaka saa nne asubuhi na majani yamelowa kama yamemwagiwa maji. Wiki chache baadaye majeshi ya Wahle yakaja yakitokea Tabora, na vita vikarudi tena Uhehe. Kila upande ulihitaji chakula na vichwa vya kubebea. Wale wa Northey, wa kutoka kusini-magharibi, waliitwa mtengatenga. Mahali pengine waliitwa Carrier Corps, ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo, na leo tunakwenda kununulia humo viatu na vipodozi.

Wanahistoria hukadiria kwamba Waingereza peke yao walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita hivi, na kwamba waliokufa wanakaribia au kuzidi 100,000, wengi wao kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Marubani na waangalizi wa Kikosi cha 26, tangu kilipofika hadi kilipovunjwa Julai 1918, wangeenea ndani ya mabasi machache. Sasa hesabu vitabu vilivyoandikwa kuhusu kila kundi.

Kuna chombo kimoja kilichokaribia kuwakutanisha watu wa angani na watu wa ardhini, na ndicho kilichokuwa kipenzi changu katika sura yote. Si ndege hasa. Ni meli ya angani ya Kijerumani, L59, yenye urefu wa mita 226, zaidi ya viwanja viwili vya mpira. Novemba 1917 iliondoka Jamboli, Bulgaria, chini ya kamanda Ludwig Bockholt, ikiwa na watu 22 na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa, kuvipelekea vikosi vya Lettow-Vorbeck vilivyokuwa kusini mwa nchi yetu.

Haikupangiwa kurudi. Gesi ya kuijaza tena haikuwepo huku, kwa hiyo waliijenga ili ikifika ivunjwe na kila kipande kitumike. Kitambaa cha nje kishonwe nguo. Mifuko ya gesi iwe mifuko ya kulalia. Mifupa ya duralumini iwe nguzo za simu ya upepo na majengo. Kijia cha ndani walichotembelea mabaharia kilitandikwa ngozi, na ngozi hiyo iwe viatu.

Haikufika. Ilivuka Misri na kuingia anga ya Sudan, na tarehe 23 Novemba, ikiwa magharibi ya Khartoum, ikapokea amri kwa simu ya upepo kwamba irudi. Ikageuka. Iliporudi Jamboli ilikuwa imekaa angani saa 95 na kusafiri kilomita 6,757. Siku ileile iliyotua, 25 Novemba, Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia upande wa Wareno.

Wanaoandika kuhusu L59 hupenda mambo mawili: umbali, ambao ulikuwa rekodi, na utata wa amri ile ya kurudi. Nami nilipenda hayo. Nilikuwa na sentensi nzuri kuhusu meli iliyotaka kuwa nguo. Sasa nasimama kwenye viatu. Mhandisi mmoja Ujerumani alikaa mezani akakata ngozi ya kutosha akifikiria miguu ya watu walio pori la kusini mwa Tanzania ya leo. Mpango mzima ulijengwa juu ya kukubali kwamba, mwisho wa yote, vita hivi vinapiganwa na miguu. Hakuna kitabu cha ndege nilichokisoma kinachokiri hilo waziwazi kama kinavyokiri chombo chenyewe katika ujenzi wake. Na bado, kama ingefika, viatu vile visingefika kwa mpagazi. Mpagazi angeubeba mzigo wa viatu akiwa peku.

Nimeshawishika kumalizia kwa kusema dawa ya haya yote ni Abdulrazak Gurnah. Ingekuwa rahisi, na kwa sehemu ni kweli. *Afterlives*, iliyotoka 2020, inavirudisha vita hivi ardhini. Hamza anajiunga na jeshi la Wajerumani kwa hiari, na tunatembea naye: njaa, vumbi, amri, chuki ya wenzake, na afisa anayemfundisha Kijerumani kwa upendo unaotia shaka. Hakuna mahali katika riwaya ile ambapo nchi inaonekana kama ramani. Unaiona kwa kimo cha mtu anayetembea, na ndiyo maana mateso yake yana uzito.

Lakini Hamza ni askari. Ana bunduki na sare, na baada ya vita ana hadithi ambayo wengine wanataka kuisikia au kuiogopa. Askari wana hata sanamu yao pale Dar es Salaam, toka 1927, bunduki ikiwa mbele. Mpagazi yuko chini ya askari kama askari alivyo chini ya rubani, na ukifuata ngazi hiyo utaona kila fasihi inaanza kidaraja kimoja juu ya mahali inapopaswa kuanzia. Gurnah ameshuka ngazi nyingi kuliko yeyote niliyemsoma. Ngazi ya mwisho naingoja, na ningependa iandikwe kwa Kiswahili, kwa sababu amri zilizompa baba yake bibi mzigo ule zilitolewa kwa Kiswahili.

Lugha yetu, kwa njia, ilikuwa na la kusema kuhusu ndege kabla hazijaja. Katika Kiswahili cha zamani *ndege* ni kiumbe, na pia ni ishara: mtu akianza safari akakutana na jambo, alisema amepata ndege njema au ndege mbaya. Kisha mashine ikaja, ikapewa jina hilohilo. Mimi nilitaka kulifanya hilo kuwa hitimisho la sura. Mpagazi anatazama juu, anaiona mashine, anaiita ndege, na maana zote tatu zinakutana. Ingependeza sana. Na ingekuwa uongo, maana ingemtaka mtu ainue kichwa ambacho kilikuwa na kilo 25 juu yake, ili mimi nipate aya.

Hilo ndilo ninalotaka kuwaambia wenzangu tunaoandika kuhusu vita hivi kwa ajili ya shahada na makala. Tunapoona pengo la mtu wa chini, tunakimbilia kumpa macho ya kutazamia ndege. Tunamweka kuwa shahidi wa maajabu ya wenzake, tukidhani tumemtendea haki. Lakini mzigo wake ni mada tayari. Ukitaka kuandika kuhusu ndege za vita Afrika Mashariki, andika kuhusu kasha: lilitengenezwa wapi, lilishushwa wapi, lilipita mikono mingapi, nani alikufa njiani nalo, na nani alilifungua. Ndege itaonekana mwishoni, ikiwa imesimama uwanjani inasubiri.

Nimemwandikia msimamizi wangu kwamba sura ya pili naianza upya. Hajafurahi sana. Muda umebaki mchache, na aya tatu za jicho lisiloona zilikuwa nzuri. Nimezifuta zote tatu.

Siku moja kabla sijaondoka Kilolo nilimsaidia bibi kupima maharage ya kuuza. Alijaza debe, akalipiga ubavuni ili yashuke, akaongeza. Nikamuuliza kama baba yake aliwahi kusema alibeba nini.

"Kasha."

"La nini?"

"La mbao."

"Ndani kulikuwa na nini, bibi?"

Akaniangalia kama mtu anayeona elimu yangu imenipungukia mahali. "Nani angemwambia?"

Nilitaka iwe petroli. Nilitaka sana. Madebe mawili, kilo 26, kutoka kwake moja kwa moja hadi kwenye tangi la ndege moja, na mimi ningekuwa na sura kamili. Inawezekana ilikuwa petroli. Inawezekana zilikuwa risasi, au unga wa afisa, au chupa. Nimeandika *kasha la mbao*, nikaweka nukta. Bibi akanisogezea debe nilishike upande mmoja, tukalibeba hadi mlangoni.